Tulimleta kukhu mjini apumzike, akaanza kusahau

KUKHU alipofikisha miaka 76, sisi wajukuu wake tulikutana kwenye kikundi cha WhatsApp na kupitisha azimio bila kupingwa: kazi imetosha, sasa mama apumzike.

Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya. Wangu alikuwa akiishi kwenye shamba la ekari mbili karibu na Kamukuywa, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Maisha yake yote aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alichota maji, akakama ng'ombe, akapalilia mahindi, akachuma mrenda, kisha akajitwika kikapu na kutembea hadi sokoni. Jioni alirudi na habari za kijiji kizima: nani kaoza binti, nani kauza shamba, ng'ombe wa nani kaingia kwa nani. Hakuwa ameandika popote. Zote zilikuwa kichwani.

Kisha kuka, yaani babu, akafariki. Mwaka uliofuata kukhu akateleza akitoka kisimani. Hakuvunjika popote, lakini sisi tuliogopa. Baba mdogo mmoja akaandika kwenye kikundi: "Watu watatucheka. Mko na kazi huko mjini na mama bado analima?" Basi tukauza ng'ombe, tukakodisha shamba, na kukhu akaletwa Bungoma mjini kwa senje, shangazi yangu, katika nyumba ya kupanga iliyo orofa ya pili.

Tulimfanyia kila kitu. Dada wa kazi alipika na kufua. Runinga ilikuwa pale, kochi lilikuwa pale, na chai ilimfikia kwenye trei. Mimi nafanya kazi Kitale, kwa hivyo mchango wangu ulikuwa wa M-Pesa. Kila Jumapili nilimtumia jamaa wa bodaboda hela ampeleke kukhu kanisani na kumrudisha. Kanisa lenyewe haliko hata kilomita moja kutoka kwa senje.

Nilijiona mjukuu bora Bungoma nzima.

Miezi ikaenda. Kukhu akaanza kuniuliza swali moja mara nne katika simu moja: "Umekula?" Nilidhani ni upendo tu. Kisha akaanza kuniita kwa jina la baba. Halafu usiku mmoja senje akanipigia akilia: kukhu hakuwa nyumbani. Walimpata stejini Kanduyi akiuliza gari la Kamukuywa, miguuni amevaa patipati mbili zisizofanana.

"Naenda nyumbani," aliwaambia makanga. "Mahindi yatakauka."

Kilichonitisha zaidi kilikuja wiki hiyo hiyo. Jirani wa chini hakusema mama ni mgonjwa. Alisema mama huyu "hutembea usiku". Kama umekulia huku Magharibi, unajua maneno hayo yana maana gani na yanaweza kufika wapi. Si mzaha. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa madai ya uchawi. Kule Kilifi, wazee wamelazimika kukimbia makwao kwa madai kama hayo. Mzee anayezurura gizani, anayeongea peke yake au asiyemtambua jirani huenda ni mgonjwa anayehitaji daktari. Akikutana kwanza na mtu anayemwona mchawi, mambo yanaweza kuharibika kabla ya kufika hospitalini.

Kwa hivyo tukaenda hospitalini.

"Nani alisema amechoka?"

Daktari aliyemwona kukhu hakuanza na mambo ya kichwa. Alimuuliza senje, "Huyu mama hushinda akifanya nini?"

Senje akajibu kwa fahari, "Hafanyi kitu, daktari. Tumempumzisha."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani alisema amechoka?"

Alimpima presha, ikawa juu. Alimpima masikio, yakawa hayasikii vizuri. Akaagiza damu ipimwe ili kuondoa mambo mengine yanayoweza kumfanya mzee asahau, kama vile upungufu wa vitamini B12 au tatizo la tezi ya shingoni. Mwisho akatuambia kwamba hizo zinaweza kuwa dalili za mwanzo za dimenshia, ila ni mapema mno kumwekea jina hilo. Tungemfuatilia. Aliandika dawa ya presha, kisha chini yake akaandika neno moja kwa Kiswahili: ATEMBEE.

Hebu tuelewane hapa. Dimenshia si uzee. Kila mtu husahau funguo. Tatizo ni pale mtu anaposahau funguo ni za nini, anapopotea kwenye njia aliyoijua miaka 40, au anaposhindwa kupika chakula alichokipika kila siku. Ni ugonjwa wa ubongo, na Alzeima ndiyo aina yake ya kawaida zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani nchi kama yetu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Hao ni kina kukhu wako na kuka wako.

Miguu inahusiana vipi na kichwa?

Mimi pia nilijiuliza hivyo. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Chakula na oksijeni hiyo yote huletwa na damu kupitia mishipa, mingine myembamba kuliko unywele. Presha na sukari zikikaa juu kwa miaka, mishipa hiyo huharibika na sehemu za ubongo hubaki na njaa. Mtu anapotembea, moyo husukuma damu zaidi, presha na sukari hudhibitiwa vyema, na mwili hutoa protini ambazo huzisaidia seli za ubongo kuishi na kuungana.

Mwaka 2011, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wazee 120. Nusu yao walitembea dakika 40 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Nusu nyingine walifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Watafiti wakapima hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Kwa waliokuwa wakitembea iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Kwa wale wengine ilipungua kwa asilimia 1.4, jambo ambalo ni la kawaida mtu anapozeeka.

Utafiti mwingine wa mwaka 2022 uliangalia zaidi ya watu 78,000 nchini Uingereza waliovaa vifaa vya kuhesabu hatua. Waliokuwa wakitembea takriban hatua 9,800 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kupata dimenshia, karibu nusu. Lakini hata hatua 3,800 zilihusishwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 25. Hatua 3,800 si safari ya kwenda Eldoret. Ni kwenda sokoni, kurudi, na kupitia kwa rafiki njiani.

Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na ambayo yanaweza kubadilishwa. Walikadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vinaweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Nilipoisoma orodha hiyo nilianza kuhesabu vidole: kutofanya mazoezi, presha, kutosikia vizuri, upweke. Manne yalikuwa yameketi kwenye kochi la senje. Matatu kati ya hayo tungeweza kuyaona mapema, na mawili tuliyaleta sisi wenyewe, kwa upendo.

Sasa, nisikudanganye kwamba kutembea ni dawa ya kila kitu. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2015, lenye watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, liliwafanyisha wazee mazoezi kwa miaka miwili na halikuona tofauti ya maana ya akili kati yao na wale waliopewa mafunzo ya afya tu. Na utafiti uliowafuata watumishi wa umma zaidi ya 10,000 nchini Uingereza ulionyesha kitu cha ajabu: waliokuja kupata dimenshia walianza kupunguza shughuli za mwili hadi miaka 9 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Maana yake ni kwamba wakati mwingine si kukaa kunakoleta ugonjwa. Ni ugonjwa unaomkalisha mtu.

Kwa hivyo siwezi kuapa kwamba kochi ndilo lililomharibu kukhu. Pengine ugonjwa ulikuwa umeanza tangu Kamukuywa, na shamba lilikuwa likiuficha kwa sababu kila siku ilifanana na jana yake. Ninachojua ni kwamba tulimwondolea mambo karibu yote yanayoaminika kuulinda ubongo, kwa siku moja, ndani ya pikapu moja.

Kukhu hakuwahi kufanya mazoezi

Neno lenyewe "mazoezi" linamchekesha. Kwake hayo ni mambo ya wanasoka na wanajeshi. Hakuwahi kuyafanya. Alikuwa na kazi.

Kule Bolivia, kwenye msitu wa Amazon, kuna jamii ya Watsimane wanaoishi kwa kulima, kuvua samaki na kuwinda. Watafiti walipowapima wazee wao na kuchapisha matokeo mwaka 2022, waligundua kwamba takriban asilimia 1 tu ya wenye miaka 60 na zaidi walikuwa na dimenshia. Marekani, kwa wenye miaka 65 na zaidi, makadirio ni kama asilimia 11. Watafiti wenyewe wanaonya kwamba sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini wanataja mwili usiokaa bure na mishipa yenye afya.

Hatuhitaji hata kufika Bolivia. Kitale ndiko wengi hupandia magari ya kwenda Lodwar, na utafiti mmoja mkubwa uliwahusu Waturkana wenyewe. Ulichapishwa 2020, ukiwa na zaidi ya watu 1,200. Wale waliobaki wakichunga mifugo walikuwa na afya nzuri ya moyo na mishipa. Wale waliohamia mijini walikuwa na hali mbaya zaidi. Utafiti huo haukupima kusahau, lakini kumbuka tulichosema kuhusu mishipa na ubongo.

Mji hauui mtu kwa siku moja. Huondoa hatua kidogo kidogo. Bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia miaka ya 1960. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na leo hakuna njia ya kijijini Trans Nzoia au Bungoma isiyo na pikipiki. Ni baraka, haswa kwa mama anayekimbizwa kujifungua. Ila pia zimembeba mzee ambaye angetembea, akasalimia watu kumi njiani, akauliza bei ya nyanya na kugombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba. Mabishano hayo yote ni mazoezi ya kichwa, bana.

Tulichofanya

Hatukumrudisha Kamukuywa. Hakukuwa na wa kukaa naye, na pesa za Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, haziwezi kumlipa mlezi. Tulibadilisha mambo madogo.

La kwanza, nilimpigia jamaa wangu wa bodaboda nikamwambia biashara ya Jumapili imeisha. Hakufurahi. Sasa binamu yangu wa kidato cha tatu ndiye humtembeza kukhu hadi kanisani. Mwanzoni walichukua dakika 40 kwa sababu kukhu alisimama kumsalimia kila mtu: "Mulembe! Mulembe!" Binamu alilalamika kwamba wanachelewa. Daktari akasema kusimama huko ni sehemu ya dawa.

La pili, senje alinunua magunia sita, akayajaza udongo na kuyapanga uani kwa idhini ya mwenye nyumba. Kukhu akapanda sukuma wiki, saga na kunde. Ngazi za orofa ya pili, ambazo tulikuwa tukiziogopa, sasa huzipanda na kuzishuka akishika chuma cha pembeni, na mtu yuko nyuma yake. Binamu amefunga ile ngazi ya mwisho iliyokuwa ikilegea. Patipati tulizitupa, akanunuliwa viatu vya raba vyenye soli isiyoteleza.

La tatu, masikio yalisafishwa na presha ikaanza kufuatiliwa kila mwezi. Senje ana daftari.

La nne lilikuja lenyewe. Binamu mwingine alioa Kimilili, na jioni kamabeka ikaanza, ile ngoma yetu ya kutikisa mabega. Kukhu akainuka. Senje akakimbia kumtafutia kiti. Nikamshika mkono: "Senje, muache." Mabega ya mama wa miaka 78 yalifuata ngoma kama ya msichana, na maneno ya nyimbo ambayo sisi vijana tulikuwa tukiyabananga yalimtoka moja baada ya jingine bila kukwama. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Marekani waliwafuata watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Kati ya shughuli zote za mwili walizozichunguza, kucheza dansi pekee ndiko kulikohusishwa na hatari ndogo ya dimenshia. Ukifikiria, inaingia akilini: lazima usikie mdundo, ukumbuke hatua, na uwaangalie wenzako, vyote kwa wakati mmoja.

Na wewe je?

WHO inapendekeza watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki. Ni kama nusu saa kwa siku tano. "Wastani" maana yake anaweza kuongea akitembea lakini hawezi kuimba. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, shirika hilo linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu ni mazoezi. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta ni mazoezi. Kubeba kikapu chepesi kutoka sokoni ni mazoezi.

Chagua saa vizuri. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na baridi ya alfajiri haichezi na kifua cha mzee. Ngojeni jua litoke. Bungoma iko chini na jua la saa nane ni kali, kwa hivyo jioni ni afadhali. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi ikikata, simama na umpeleke hospitalini. Na hili likumbuke sana: mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usiseme ni uzee. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, kiharusi au dawa alizomeza. Hiyo ni dharura.

Kama mzee wako ameacha kutoka nje siku hizi, muulize kwa nini. Pengine ni magoti. Pengine hasikii pikipiki zikija. Pengine anaogopa kupotea na anaona aibu kusema. Wengi wetu tuko mijini na tunatuma pesa, na pesa ni nzuri. Ila kabla ya kumlipia mtu amfanyie mzee kila kitu, jiulize ni kipi kati ya hivyo alikuwa bado anapenda kukifanya mwenyewe.

Mwezi uliopita kukhu alikuja kunitembelea Kitale. Nilimpeleka kwenye makavazi ya mji, ambako kuna njia ya kutembea ndani ya msitu wa miti ya asili. Nia yangu ilikuwa kumpima kumbukumbu. Nilimwonyesha mti wa kwanza, akautaja kwa Lubukusu na kueleza gome lake hutibu nini. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu akanigeukia: "Na huu?" Sikujua. Wa nne pia sikujua. Alinicheka hadi akashika kiuno.

Tulipotoka langoni aliniita tena kwa jina la baba. Sikumsahihisha. Jamaa wa bodaboda akasimama mbele yetu na kupiga honi: "Mama, twende?"

Kukhu akampungia mkono apite.